Masika Bila Mgomvi Wangu

Machi 2

Binti yangu amenipa daftari hili. Anasema wataalamu wanasema mtu aliyefiwa akiandika mambo yake kila siku anapata nafuu. Nikamuuliza hao wataalamu wamefiwa na nani. Akanuna. Basi naandika, asije akasema mama yake ni mkaidi. Katika nyumba hii mkaidi alikuwa mmoja, na tulimzika Januari.

Mvua bado.

Machi 5

Wageni tena. Mwenyekiti wa ushirika wa maziwa alikaa kwenye kiti cha mume wangu, akanywa vikombe viwili vya chai, akafuta jicho ambalo halikuwa na chozi, akasema: "Mama, pole sana. Unajua mimi ndiye niliyempa mzee ndama wake wa kwanza?"

Huyu ni mtu wa tatu kuniambia hivyo tangu msiba. Wa kwanza alikuwa binamu wa marehemu, wa pili fundi wa matrekta. Kwa hesabu yao, mume wangu alianza na ndama watatu wa kwanza. Ndama wa kwanza nilimnunua mimi, kwa cherehani yangu, mwaka wa pili wa ndoa. Niliiuza cherehani, tukanunua ndama jike mwembamba kama ngazi, na majirani wakacheka. Mume wangu akaapa kwamba siku moja mji mzima utakunywa maziwa yake. Kweli ukayanywa. Lakini cherehani haitajwi na mtu. Na mimi nitasema nini? Marehemu anasifiwa, mjane anakaa kimya na kumimina chai.

Machi 8

Tumefanya kikao cha familia. Naandika yaliyoamuliwa ili baadaye asije mtu akanibadilishia maneno.

Wanangu ni wawili. Kifungua mimba wangu amechukua likizo ndefu kazini ili asimamie shamba masika haya. Anatembea na buti za baba yake ingawa zinambana. Binti yangu anakaa mji mkubwa, ghorofa ya nne, na anataka nihamie kwake. Chumba kiko tayari, anasema, kina hata televisheni. Nikauliza huko juu nitachunga nini. Lifti?

Jambo lenyewe ni hili. Ng'ombe wetu hupandwa masika, nyasi zikiwa nyingi. Wakishika mimba sasa, mwakani kuna maziwa, na duka letu la maziwa pale barabarani linaendelea. Wasiposhika, mwakani hakuna maziwa, na duka la maziwa lisilo na maziwa ni chumba chenye friji. Kwa hiyo tumekubaliana: masika yakiisha daktari wa mifugo atawapima. Wakiwa na mimba, nabaki hapa na shamba langu. Wasipokuwa nazo, kundi litauzwa, shamba litakodishwa, na mimi nitapanda ghorofa ya nne na masanduku yangu.

Nimekubali kwa sababu sina wasiwasi. Dume tunaye. Jemedari hajawahi kutuangusha.

Machi 9

Kifungua mimba amekuja mezani na hotuba. Anataka kumuenzi baba yake kwa kufanya jambo ambalo baba alililia miaka yake ya mwisho: kuziba ua wa kule bondeni.

Hapo pana historia. Mpaka wetu na jirani ni ua wa seng'enge, na kwenye kona ya bondeni, nyuma ya vichaka, miaka mitatu sasa pana pengo. Mume wangu alisema jirani ndiye anayekata. Ndiyo maana tukamwita Bwana Waya, mpaka watoto wa shule wakaliokota jina hilo. Kila masika mume wangu alirudi nyumbani na shati limechanika begani, eti amekwenda kuziba pengo la Bwana Waya. Mimi nikakaa na sindano. Shati lile la kijivu nimelishona mara nyingi mpaka bega limekuwa uzi mtupu. Wanaume hao wawili wakikutana dukani, hata salamu ilikuwa ya kukoromeana. Wakati mmoja mume wangu alisema mbele ya wateja kwamba dume wa Bwana Waya ni mbuzi mwenye pembe ndefu. Mji mzima ulicheka wiki nzima.

"Nitaweka nguzo mpya na nyaya tano," kifungua mimba akasema. "Baba angefurahi."

Nikamwambia aweke. Nimechoka kushona.

Machi 14

Mvua imeanza. Paa la stoo linavuja palepale ambapo marehemu alisema ameshapatengeneza.

Machi 15

Leo nimefungua kabati, nimekuta chupa yake ya chai. Ya bluu, kifuniko kimepasuka. Nimekasirika upya kama vile ni jana.

Mume wangu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alimwambia, mimi nikamwambia, hata mchungaji wetu wa ng'ombe alimwambia. Mwaka mzima alikuwa anatii, anakunywa chai kavu isiyo na sukari na kukunja uso. Lakini masika yakifika, akianza kwenda malishoni mwenyewe, anabadilika. "Mama watoto, nijazie chupa. Tia sukari. Tia vijiko vitatu." Kila asubuhi! Namgombeza, anacheka. Nakataa, anatia mwenyewe. Nilificha kopo la sukari ndani ya gunia la mahindi, akalipata. Masika matatu ya mwisho yote yalikuwa hivyo.

Januari moyo ukasimama akiwa anafunga kamba ya kiatu. Daktari aliandika moyo. Mimi najua ni sukari. Watu wanakuja hapa kuniambia alikuwa mtu wa busara, na mimi naitikia tu, huku nasema moyoni: alijiua kijiko kwa kijiko, mbele ya macho yangu, huku anacheka.

Nilitaka kuitupa hiyo chupa. Nimeirudisha kabatini.

Machi 17

Mchungaji amenuna. Anasema mzee alikuwa na utu: kila masika alimpa likizo akapande shamba lake, na mzee mwenyewe akachunga kwa mikono yake. "Bosi gani mwingine anafanya hivyo, mama?" Hadithi hiyo aliisema msibani pia, watu wakalia. Lakini kifungua mimba amemnyima likizo, anasema kazi ni nyingi. Sasa mchungaji ananiangalia mimi, kana kwamba utu wa marehemu nimeufungia sandukuni.

Machi 21

Ua mpya umekatwa. Nyaya zote tano, kwa koleo, kwenye kona ileile. Kifungua mimba ameruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ameziba jioni kwenye mvua, akarudi anapiga chafya.

Nimempa supu na hasira zangu zote nimemwelekeza Bwana Waya. Mtu amekufa, na wewe bado unashindana na ua wake! Aibu hana?

Machi 24

Nieleze kuhusu Jemedari, maana binti yangu anasema nisiandike tu malalamiko.

Jemedari ni dume mwekundu mwenye nundu kubwa na macho ya mtu anayesinzia kwenye mkutano. Mume wangu alimlea kwa chupa baada ya mama yake kufa. Akawa dume la mfano. Duka letu lina picha moja tu ukutani, na si picha ya harusi: ni mume wangu na Jemedari, wote wamejaza kifua. Kila ndama aliyezaliwa hapa, mume wangu alimpeleka mteja mpaka zizini kumwonyesha. "Mwangalie paji la uso. Huyo ni Jemedari mtupu." Mteja anaitikia, kwa kuwa ndama wote wana paji la uso.

Siku hizi Jemedari anatembea kama mwenye viatu vya kuazima. Nyonga zinamsumbua. Lakini akiona mtamba anayetaka dume, bado anainua kichwa. Ng'ombe haelemewi na nunduye, marehemu alikuwa anasema.

Machi 29

Ua umekatwa tena. Umezibwa tena. Naona mwisho wa masika tutakuwa na waya mwingi kuliko nyasi.

Aprili 2

Siku mbaya.

Ng'ombe waliopandwa katikati ya Machi wamerudia kutaka dume. Mkorofi, ng'ombe ambaye hajawahi kukosa mimba tangu awe mtamba, amelia tangu alfajiri kama anaitwa na mtu. Nimemwita daktari wa mifugo. Ni msichana mdogo, ana mikono ya nguvu, hasemi sana. Amemwangalia Jemedari akijaribu, kisha akanivuta pembeni.

"Mama, sitakuficha. Huyu dume anapanda kwa heshima tu. Hakuna kitu. Na kwa ninavyoona, si jambo la mwaka huu."

Kifungua mimba alikuwa amesogea. "Si la mwaka huu? Na wale ndama wa mwaka jana walitoka wapi? Mbinguni?"

Daktari akainua mabega. "Sijui walitoka wapi. Najua hawakutoka hapa." Akapendekeza tulete mbegu tupandikize, au tuazime dume.

Mwanangu akawaka. Dume mgeni aingie zizi la baba kabla kaburi halijakauka? Binti yangu tukampigia simu, naye akalia papo hapo: Jemedari haguswi, Jemedari ni kumbukumbu ya Baba.

"Mficha uchi hazai, mama," daktari akaniambia akipanda pikipiki yake. Kisha akaona nimecheka, akacheka na yeye.

Lakini sikucheka baadaye. Watoto hawa wanamlinda ng'ombe mzee ili wamkumbuke baba yao, na kwa kumlinda wanauza kila kitu ambacho baba yao alijenga. Binti analia Jemedari asiguswe huku ananiandalia chumba! Nikasema haya, kwa hiyo mnataka nini? Kila mmoja akasema anachotaka ni kile ambacho Baba angetaka. Baba angetaka! Nimeishi na Baba miaka arobaini na sikuwahi kujua angetaka nini kesho yake, wao wamejulia wapi?

Na mimi mwenyewe, niseme kweli, sikusema neno la mwisho. Maana swali la mwanangu lina nguvu. Wale ndama nimewaona kwa macho yangu. Nimewapa maziwa. Walitoka wapi?

Nimesema tungoje kidogo. Kungoja ni ujinga, najua.

Aprili 5

Mvua kubwa. Mwenyekiti wa ushirika amenitumia maandishi ya kusomwa siku ya kumkumbuka marehemu, mwezi Juni. Yeye mwenyewe anatajwa mara sita.

Aprili 8

Ua. Sitaki hata kuandika. Kifungua mimba anasema kesho kutwa anakwenda polisi.

Aprili 10

Naandika mengi leo.

Asubuhi nilimwambia kifungua mimba asubiri kwenda polisi, aende kwanza dukani kupokea friji ya pili. Mchungaji alikuwa juu kwenye malisho ya kilimani. Mimi nikavaa koti la marehemu, nikachukua mwavuli, nikashuka bondeni. Nilikuwa nimeshapanga maneno yote ya kumwambia Bwana Waya, na mengine si ya kuandikwa.

Nikamkuta. Amepiga magoti kwenye tope, kofia imelowa, anahangaika na koleo kwenye waya wa tatu. Hakukimbia. Alinyanyuka polepole akishika kiuno.

"Shemeji," akasema.

"Nani shemeji yako?" nikauliza. Mtu huyu miaka yote ameniita mama, tena kwa mdomo wa kulazimishwa.

"Samahani. Nimezoea kukuita hivyo nikiwa huku."

"Ukiwa huku na nani?"

Akatazama koleo lake. "Nilitaka kuja kukueleza. Nimefika mpaka getini kwako mara mbili, nikarudi. Niliapishwa."

"Na nani?"

"Na huyo aliyekuoa."

Kisha akanieleza, na naandika kama alivyoeleza, ingawa kila neno lake lilinipandisha damu. Miaka mitatu iliyopita, mwanzoni mwa masika, mume wangu alikuja hapo kwenye ua. Akazunguka na habari za hali ya hewa. Akaulizia afya ya watu ambao hajawahi kuwajali. Mwisho akasema Jemedari hawezi tena. Alikuwa anataka dume wa Bwana Waya. Lakini angewapitishaje ng'ombe wake barabarani, mchana, kwenda kwa yuleyule mbuzi mwenye pembe ndefu? Mji ungemla mzima mzima.

"Basi tukakata pengo," Bwana Waya akasema. "Wewe ukiwa dukani, mchungaji akiwa likizo. Ng'ombe wanapita hapa, wanakaa upande wangu, wakimaliza wanarudi. Pengo tukaliacha, yeye akasema mimi ndiye mharibifu. Nikakubali. Ingekuwaje?"

"Na ugomvi wenu?"

"Wa mwanzo ulikuwa wa kweli. Huu wa baadaye ulikuwa wa kutunza siri. Akinitukana dukani Jumatatu, Jumanne anakuja hapa kuniomba radhi. Tunakaa pale kwenye gogo tukisubiri ng'ombe. Anasimulia habari zako, za watoto, za ndoto zake za kufungua duka la pili. Tunakunywa chai."

"Chai gani?"

"Aliyokuwa anakuja nayo. Kwenye chupa ya bluu. Kifuniko kimepasuka."

Nikaushusha mwavuli.

"Yenye sukari?" nikauliza.

"Vitatu. Mimi bila sukari chai haishuki, shemeji. Nilimwambia asijisumbue, akasema mgeni hapewi chai kavu."

"Na yeye alikunywa?"

Bwana Waya akaniangalia kama nimeuliza jambo la ajabu. "Yeye? Hata siku moja. Alikuja na maji yake kwenye chupa ndogo. Nilimwambia, onja hata funda moja, nani atajua? Akasema, mke wangu atainusa kabla sijafika mlangoni, halafu nitalala wapi?"

Nikakaa chini, mgongo kwenye nguzo mpya ya mwanangu, tope na yote. Nililia kwa sauti, mbele ya mtu ambaye nilikwenda kumtukana. Na katikati ya kulia nilikuwa nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu kuzaliwa. Masika matatu! Kila asubuhi nimemgombeza mtu yule kuhusu sukari ambayo hakuionja. Angeweza kusema. Neno moja. Akachagua kugombezwa kila siku, akaondoka nyumbani kwake akiwa mkosaji, ili watu wasijue kwamba ng'ombe amezeeka!

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza Bwana Waya. "Amekufa, ungesema."

"Nimwaibishe?"

"Amekufa!"

"Jemedari hajafa," akasema Bwana Waya, na uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo. "Aliniambia, hata Jemedari asijue. Na aliniapisha nihakikishe pengo liko wazi kila masika, hata iweje. Halafu kijana wako akaanza kuziba. Ninakata, anaziba. Ninakata, anaziba. Mgongo wangu huu si wa kazi hizi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanangu alikuwa anamuenzi baba yake kwa kufunga njia ileile iliyokuwa inalisha nyumba ya baba yake. Na mimi nilimpikia supu ili apate nguvu za kuifunga.

"Lete hapa," nikamwambia. "Unakata kama mtu anayekata kucha."

Nikakata wa tatu, wa nne na wa tano. Nilipoinama kupita, mwiba ukanasa koti begani, likachanika. Palepale. Nimelitazama bega hilo njia nzima nikirudi nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli kabisa.

Ungekuwa hai ningekuua.

Aprili 11

Nimempa mchungaji likizo. Amenishika mikono yote miwili. "Mama, una utu kama mzee." Nikamwambia aondoke haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Kifungua mimba nimemkabidhi duka kwa mwezi mmoja. Nimemwambia wateja wanataka kuona sura ya baba yao, na yeye ndiye anayefanana naye. Ameondoka ameinua kifua.

Ng'ombe ninachunga mimi.

Aprili 13

Mkorofi amepita pengoni bila kuoneshwa njia. Wenzake wamemfuata kwa mstari, kama watu wanaorudi kwenye kazi yao ya zamani. Jemedari alikuja nyuma yao hadi kwenye pengo, akasimama, akatazama ng'ambo, kisha akageuka na kula nyasi. Asijue, eti! Huyu ng'ombe anajua kuliko sisi sote.

Dume wa Bwana Waya ana pembe ndefu sana. Mbuzi si mbuzi, ni dume mzuri. Mume wangu alikuwa na mdomo.

Aprili 16

Nimekwenda na chupa ya bluu. Tumekaa kwenye gogo. Bwana Waya amekunywa vikombe viwili, mimi nimekunywa maji.

Aprili 24

Binti amepiga simu kuuliza kama ninaandika na kama ninapata nafuu. Nikamwambia ninapata kikohozi. Akasema ndiyo maana ghorofani ni pazuri zaidi.

Mei 4

Leo ilikuwa zamu ya Mkorofi kulia tena kama hakushika. Nimekaa zizini tangu chai ya asubuhi. Hajalia. Amecheua na kunitazama kwa dharau.

Mei 7

Kimya zizini. Sithubutu kumwambia mtu.

Mei 11

Kifungua mimba amerudi kutoka dukani, ameshuka bondeni, ameona pengo. Akapanda anapiga kelele. Polisi, mahakama, mkuu wa wilaya, wote amewataja.

"Liache," nikamwambia.

"Mama! Huyu mtu anatudharau! Baba alipigana naye maisha yake yote!"

"Baba yako alipigana na waya, si na mtu. Na mlitaka kumjengea jiwe la kumbukumbu, si ndiyo? Sitaki jiwe. Jiwe linafanya nini? Mjengeeni geti. Palepale kwenye pengo. La chuma, lenye bawaba nzuri, lisilo na kufuli."

Akanitazama kama nimepata homa. "Geti la kwenda kwa Bwana Waya? Baba atageuka kaburini."

"Ageuke. Kulala upande mmoja kunachosha."

Alisusa chakula cha mchana. Jioni akauliza geti liwe na upana gani. Nikamwambia ng'ombe wawili wapite kwa pamoja bila kugombana.

Mei 19

Mvua zinapungua. Fundi wa geti ameleta bawaba za mlango wa choo. Nimemrudisha nazo.

Juni 9

Daktari wa mifugo amekuja kupima. Kifungua mimba na binti yangu walisimama nje ya zizi kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Mimi nilikaa jikoni na sikuweza hata kuosha kikombe.

Wote wana mimba, isipokuwa mtamba mmoja ambaye bado ni mtoto. Binti yangu alinikumbatia, akasema, "Basi televisheni nitakuletea huku." Nikamwambia ailete.

Daktari alinawa mikono, akamtazama Jemedari aliyekuwa amelala kivulini, akanitazama mimi, akatazama koti la marehemu nililovaa, lililoshonwa begani.

"Mzee amefanya miujiza," akasema.

"Umri si kitu," nikamjibu.

Akapanda pikipiki yake akitabasamu mpaka njia kuu.

Juni 14

Leo tumemkumbuka. Nimechoka, miguu imevimba, lakini sitalala kabla sijaandika hili.

Watu walijaa uwanjani mpaka kwenye ngazi za stoo. Kifungua mimba ndiye aliyesoma maisha ya baba yake. Alipofika kwenye ndama wa kwanza aliyetolewa na mwenyekiti wa ushirika, nikasimama. Binti alinivuta nguo, nikamwondoa mkono.

"Ndama wa kwanza alinunuliwa kwa cherehani yangu," nikasema. "Andika hivyo. Na wengine wote waliomletea ndama wa kwanza, nawashukuru, lakini walikuja wamechelewa."

Watu wakacheka mpaka mwenyekiti akalazimika kucheka. Nikakaa. Nilijisikia vizuri sana.

Mwanangu akaendelea. Alisoma vizuri, nisiseme uongo. Alisoma jinsi baba yake alivyofungua duka kwa meza moja na ndoo mbili, jinsi alivyowapigia watoto wake mluzi kutoka malishoni ili wajue anarudi. Hapo nililia. Kisha akafika kwenye Jemedari. "Dume aliyezaa kila ndama wa shamba hili mpaka leo hii," akasoma, "hata masika haya, baada ya wengi kumkatia tamaa."

Watu wakapiga makofi. Bwana Waya alikuwa amesimama nyuma kabisa, kando ya uzio, kofia mkononi. Aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, na lilikuwa la kweli, na lingewachekesha kuliko la cherehani.

"Soma, mwanangu," nikasema. "Endelea."

Baada ya hapo tulishuka wote bondeni kulifungua geti. Limepakwa rangi ya bluu, nimechagua mimi. Nikarudi, nikamimina chai. Bwana Waya alipofika kwenye meza, minong'ono ikaanza, maana watu hawakutarajia angethubutu. Nikachukua kikombe chake, nikatia kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikakoroga, nikampa.

"Ahsante, shemeji," akasema, akaenda kukaa.

Kifungua mimba alikuwa amesimama pembeni yangu na sinia. Ameona yote.

"Mama," akaninong'oneza, "umejuaje kwamba anatumia vitatu?"

"Baba yako aliniambia," nikamjibu. "Kila asubuhi."